Udongo wa Ndoo ya Msumeno

Ulikuwa na utamu wa mbali. Si utamu wa sukari wala wa muwa. Ni utamu unaokuja baadaye, ukishameza, unakaa nyuma ya ulimi kama mtu aliyeingia ndani bila kupiga hodi. Mpaka leo nikipita sokoni Mbinga mjini, pale wanapouza udongo wa wajawazito jirani na wauza dagaa, mate yananijaa. Nasimama kidogo. Halafu nakumbuka nani alinilisha nini, naendelea na safari yangu.

Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo anayetaka maneno ya vitabu akatafute kwingine. Naandika kwa mkono wa kulia ambao siku nyingine unanitii na siku nyingine hautaki. Majina ya watu siyaandiki. Wenyewe wanajijua, na wanajua kwamba nawajua. Nitawataja kwa kazi zao na kwa walichofanya.

Mimi ni mtu wa Ukata. Nimekulia kwenye ngoro, yale mashimo tunayolima mlimani ili mvua isitubebee shamba ikalimwaga bondeni. Nikaolewa na mtu wa ziwani, nikakaa naye Mbinga mjini, na msimu wa kahawa ulipofika nilikuwa nakwenda kuchambua. Kuchambua kahawa ni kazi ya kukaa. Unakaa na wenzako mmezunguka meza, kahawa imemwagwa mbele yenu, na vidole vinaokota mbovu: iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, nyeusi, iliyosinyaa. Ukishazoea hutazami tena. Vidole vinaona vyenyewe na wewe unakwenda zako. Nimesafiri sana pale mezani. Nimekwenda mpaka kwa marehemu mama yangu nikarudi, na kahawa mbele yangu ikawa safi.

Ndipo alipokuja Injinia. Tulimwita hivyo, na alipenda. Alizaliwa huku kwetu, akasomea nje, akarudi na mashine ndani ya makasha ya mbao. Akakodi upande mmoja wa lile banda la kahawa, ule wenye bati zuri. Siku ya kwanza aliingia kwetu akasimama mlangoni bila kututazama usoni. Alitazama vidole. Akamwambia msimamizi wetu amchagulie wanawake wenye mikono iliyotulia. Msimamizi alikuwa mama mtu mzima wa Mpepai, tulimwamkia shikamoo kila asubuhi, na nywele zetu alikuwa anatusuka yeye kazi ikiwa chache. Akanichagua mimi, akamchagua wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, na wengine wachache.

Tulichokuwa tunatengeneza ni vichwa vya kutazamia samaki. Kichwa kinafungwa chini ya boti. Kinatoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, sauti inazama, ikigonga samaki inarudi, na kichwa kilekile kinaipokea. Juu kwenye boti kuna kioo kama cha televisheni ndogo, mtu anaona samaki walipo na mwamba ulipo. Injinia alitueleza mara moja tu, lakini alieleza vizuri, na haki yake nampa. Alichukua punje za kahawa akazipanga mstari juu ya meza. Akasema ndani ya kichwa hakuna mdomo mmoja, kuna midomo mingi midogo imepangwa hivi. Yote ikiita kwa pamoja, sauti inakwenda moja kwa moja mbele. Lakini huyu akiita, na wa pili akachelewa kidogo, na wa tatu akachelewa zaidi kidogo, sauti nzima inapinda inakwenda upande. "Kichwa hakigeuki," akasema, "lakini kinatazama pembeni."

Nililipenda jambo lile. Nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo. Watu wanaoita kwa kuchelewana, na kwa kuchelewana huko wanaona pembeni.

Midomo yenyewe ilikuja kwenye maboksi, bado ni vigae. Vyeupe vya kuelekea njano, ukubwa wa zile sabuni ndogo za gesti, vimepakwa fedha juu na chini. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuvichambua. Unakigonga kwa ukucha, kizima kinalia, chenye ufa kinakaa kimya. Vizima vinakwenda kwenye msumeno. Msumeno ule haukuwa kama wa seremala. Ulikuwa kisahani chembamba kuliko jani la mgomba, kinazunguka ndani ya maji, kinachora mistari karibukaribu mpaka kigae kinakuwa kama meno ya chanuo. Kila jino ni mdomo mmoja. Tunajaza gundi katikati, tunabandika nyaya nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, tunasugua uso uwe sawa, tunamwagia plastiki nyeusi ya majimaji inayoganda. Kikishaganda tunakizamisha ndani ya pipa la maji na kutazama kioo. Ndani ya pipa wifi alikuwa anatumbukiza muhogo, au kandambili, mara moja mbasa mzima kutoka sokoni, na sisi tukicheka kumwona samaki aliyekufa anaonekana kwenye kioo kama anaogelea.

Maji ya msumeno yalikuwa yanatoka meupe kama maziwa. Yanaingia kwenye ndoo, yanatulia, na chini linabaki tope. Msimamizi alimwaga maji, akaigeuza ndoo, na tope likatoka keki nzima, jeupe, laini kuliko unga wa muhogo uliochekechwa. Nilimsikia Injinia kwa masikio yangu akimwambia, "Hili lifukie, mama. Mbali na kisima." Sisi tulidhani anaficha ufundi wake, wenzake wasije wakaokota.

Sasa niseme jambo langu. Nilikuwa na mimba. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, mpaka majirani wakachoka kuuliza. Mama mkwe, mtu mwema, alikuwa ameanza kumtajia mwanawe wasichana wa Mbamba Bay, polepole, kama mtu anayetaja bei ya samaki bila kutaka kununua. Halafu mimba ikaja. Nilijua kwamba ni hiyo. Umri wa kupata nyingine ulikuwa umeshaniaga, umebaki mlangoni unavaa viatu. Kila nilichofanya kuanzia siku ile, kula, kulala, kukanyaga ngazi, nilikifanya kwa ajili ya huyo aliyekuwa ndani.

Na mjamzito wa kwetu anakula udongo. Anayeshangaa ashangae. Mama yangu alikula, bibi yangu alikula, wa sokoni unauzwa umekatwa vipande kama vidole, umekaushwa juu ya moshi. Ukianza kuutamani hulali. Nilikuwa nautafuna mezani nikichambua vigae, na msimamizi akaniona.

"Unakula vichuguu, mwanangu," akaniambia. "Ng'ombe wamekanyaga, kuku wamenyea. Ngoja nikuletee msafi."

Kesho yake akaniletea wa ndoo. Ameukata vizuri, ameupitisha kwenye moshi wa jiko lake, ameufunga kwenye kipande cha kanga. Akasema huu umetoka Ulaya kwa meli, haujaguswa na mnyama. Nikauma kipande. Ukayeyuka. Ule utamu ukaja nyuma.

Wifi alikuwa anatafuna kidogokidogo kunisindikiza, lakini ulimi wake ndio uliofanya kazi zaidi. "Wifi, ukizidi na huo udongo utatuzalia tofali."

Nikamwambia, "Heri tofali, litajenga. Kaka yako amejenga nyumba nzima kwa maneno, na mvua inanyesha tumo ndani."

Meza yote ikacheka, na msimamizi akacheka kuliko wote.

Nakumbuka miezi ile kama mtu anayekumbuka ndoto ya alfajiri. Ilikuwa wakati wa baridi. Ukungu wa Mbinga ulikuwa unaingia bandani asubuhi bila kuuliza, unakaa juu ya meza, unatoka saa nne. Injinia alikuwa na haraka, alisema kusugua kwa maji kunachelewesha, tukawa tunasugua uso wa vichwa kwa msasa mkavu. Vumbi jeupe likawa linapanda. Kwenye bati kulikuwa na kipande cha plastiki cha kupitisha mwanga, na pale mwanga uliposhuka, vumbi lilikuwa linacheza taratibu, kama usipa, wale dagaa wa ziwani, wanavyocheza kwenye maji ya kina kifupi. Msumeno ulilia kama mbu mmoja asiyechoka. Nilikuwa naona sakafu ni kina cha ziwa, na sisi wanawake tumekaa huko chini na meza zetu, na samaki wanapita juu ya vilemba vyetu. Nikiinua macho niliona matumbo ya boti. Sikuogopa. Nilikuwa nafikiri ndiyo raha ya mimba yenyewe, kwamba mtoto ananionyesha anachokiona huko aliko, majini.

Injinia alikuwa anavaa kitambaa puani. Sisi hatukuwa na kitambaa. Wifi alisema ni kwa sababu pua yake imesoma.

Na kuna kitu kingine nilikiona mchana kweupe. Maboksi ya vigae yalipofika, kabla hayajaletwa kwetu, Injinia alikaa nayo nje kwenye jua, kwenye kigoda, ana wembe. Pembeni mwa kila boksi kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, ina fuvu la kichwa na mifupa miwili. Alikuwa anaibandua kwa wembe, taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayemenya embe asipoteze nyama. Nilipita na ndoo ya maji nikamsalimia. Akaniitikia vizuri, akaniuliza naendeleaje na hali yangu. Nikamwambia namshukuru Mungu. Akaendelea kubandua. Nilimwona ni mtu nadhifu.

Wapo wanaotaka nijilaumu. Kanisani yupo mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba tamaa ya mdomo ni mbaya. Sijilaumu. Fuvu la kichwa hata mtu asiyejua kusoma analijua, ndiyo maana likachorwa. Aliyelibandua ndiye wa kwanza kwenye hesabu yangu.

Mwenzetu mmoja pale mezani mimba yake ilitoka. Alikuwa mtu wa Mpepai kama msimamizi, naye alikuwa anapewa udongo uleule kwenye kipande cha kanga. Tulikwenda kumpa pole, tukapika, tukasali, tukasema ni mipango ya Mungu. Nilirudi nyumbani nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili njia nzima, kama mtu aliyebeba mayai.

Halafu tumbo langu nalo likaanza. Si uchungu wa mtoto. Lilikuwa linakaza kama linasokotwa na mtu anayekamua nguo. Choo kikafunga. Kichwa kikawa kinauma upande wa nyuma. Nikaenda kwa mtu wa duka la dawa, akanipa dawa ya minyoo bila kuinuka kwenye kiti. Na yeye yumo kwenye hesabu, mwishoni. Msimamizi alisema mimba ya ukubwani ndivyo ilivyo, akaniongezea udongo ili utulize tumbo. Na kweli nikila ulikuwa unatuliza, kwa muda.

Siku moja nilikuwa nimeshika sinia la vigae vilivyokwisha kukatwa, navipeleka kwenye gundi. Kiganja changu cha kulia kikaanguka. Sikukiangusha mimi. Mkono uko hewani, kiganja kimeinama chini kama ua lililokosa maji, na mimi nakiambia inuka na hakiinuki. Sinia likaenda chini. Vigae vikalia vyote pamoja, sauti nzuri, kama kengele ndogo nyingi.

Msimamizi alianza kunisema. Injinia akaja. Akamnyamazisha kwa mkono. Akakitazama kiganja changu kwa muda mrefu, hakukigusa. Halafu akageuka, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono yake. Alinawa kwa sabuni mpaka juu ya viwiko. Ni kitu kile ninachokiona hata leo nikifumba macho: mgongo wa mtu aliyeinama anayenawa, na maji yanatiririka.

Aliporudi akaniambia niende ziwani kwa wakwe nikapumzike, nikavute hewa ya kule. Akasema kazi yangu ipo, nisiwe na wasiwasi. Neno lingine hakusema. Angeweza kusema neno moja tu.

Tuliteremka na wifi. Ukitoka Mbinga unashuka na milima, unavua sweta, unavua na kitenge cha mabegani, na kabla hujajiandaa ziwa limelala chini kama nguo ya buluu iliyoanikwa. Wifi alikuwa amebeba mizigo yote kwa sababu ya mkono wangu. Kwenye fundo la kanga yake alikuwa amefunga udongo wa kunitosha, zawadi ya msimamizi ya safari. Siku ile wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda. Wanatoka majini kwa wingi mno, wanasimama juu ya maji kama nguzo za moshi, na upepo unazisogeza nguzo polepole. Niliwatazama nikatafuna. Nilidhani ziwa lote linafuka kwa ajili yangu.

Mama mkwe hakuridhika na sura yangu. Asubuhi yake akatupeleka kituo cha afya, akabaki nje chini ya ukuta kwa sababu haipendi harufu ya dawa. Daktari wa pale alikuwa mzee, karibu na kustaafu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na viziwi. Tukamwamkia. Akatazama mkono wangu ulioinama. Hakuuliza kuhusu mkono. Akaniambia nifungue mdomo, akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akawasha tochi.

Wifi akamwambia, "Daktari, sisi tumeleta mimba. Meno anayo yote."

Mzee hakucheka. Akampa wifi kioo kidogo cha mkononi anishikie nijione. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, kulikuwa na mstari wa rangi ya buluu iliyochafuka. Umepita sawa, kama umechorwa kwa kalamu.

"Huko Mbinga unafanya kazi gani?" akaniuliza.

Nikamweleza kahawa, halafu vigae, halafu msumeno na vumbi. Akaniuliza kama karibu yetu kuna mtu anayeyeyusha betri za magari. Nikasema hapana. Akauliza nakula nini. Nikataja ugali, maharage, mbogamboga. Wifi, kwa kuzoea mzaha, akafungua fundo la kanga na kumwonyesha. "Na biskuti hizi."

Mzee akavaa glovu. Akakipokea kipande kwenye karatasi, akakisogeza dirishani, akakigeuzageuza. Akauliza umechimbwa wapi. Wifi akasema haujachimbwa, umetoka kwenye ndoo ya msumeno, tunapewa na msimamizi. Pale ndipo sauti yake iliposhuka, na mtu mwenye sauti kubwa akiishusha unaogopa.

"Mwanangu, hivyo vigae vina madini ya risasi. Yale ya kwenye betri. Yameingia kwenye damu yako, na damu yako ndiyo anayokula mtoto."

Wifi alikuwa bado ameshika ncha ya kanga. Niliona midomo yake inatafuta neno la kuchekesha, kwa mazoea, na haikulipata.

Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama yuko hai.

Akanilaza. Akanipaka yale majimaji ya baridi tumboni, akavuta mashine, akashika mkononi kichwa chake. Nikakijua. Kilikuwa kidogo kuliko vyetu na kimepinda kama ndizi, lakini nilikijua kama unavyomjua mtoto wa ndugu yako ambaye hujawahi kumwona. Nikamuuliza kama ndani yake mna vigae vilivyokatwa kama chanuo. Akanitazama juu ya miwani, akasema vimo, vidogo sana, vimepangwa mstari, ila vimezibwa vizuri na havidhuru mtu. Akakiweka juu ya tumbo. Nikawa nimelala kati ya viwili: udongo wa msumeno ndani, unamla mwanangu, na vigae vya msumeno juu, vinamtafuta. Kioo kikawa cha kijivu, kikatulia, kama ziwa asubuhi. Halafu katikati ya ukungu ule kitu kikaonekana kinapigapiga, kidogo, kwa haraka, kama kope la jicho.

"Huyo hapo," mzee akasema.

Sikulia pale. Nililia nje, ukutani, mama mkwe akinishika kichwa bila kujua ni nini.

Daktari alibaki na ule udongo wote. Akaandika barua nipelekwe hospitali kubwa Songea, nikaenda, nikapata dawa, nikarudi ziwani kungoja. Aliniambia ninywe maziwa, nile usipa na mifupa yake. Na hapa ndipo watu hawaelewi. Nilijua kilichomo kwenye ule udongo, na bado niliutaka. Nilikuwa naamka nimeuota, nimekaa chini ya ziwa na kipande mkononi, cheupe, kinang'aa. Nikianza kulamba kucha zangu, wifi alikuwa ananiletea sufuria ya usipa wakavu, anakaa mbele yangu, tunatafuna wote, vichwa na mikia. Aliacha kazi kwa Injinia bila kuaga. Alisema mtoto akizaliwa na magamba tutamlaumu yeye.

Akazaliwa wa kike. Mdogo, miguu yake ungeipitisha kwenye bangili. Hakulia alipotoka. Mkunga alimgeuza, akamsugua, akampulizia. Halafu akalia, tumeshakata tamaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuwa anamalizia jambo lake kwanza.

Daktari mzee aliandika barua nyingine kuhusu lile banda. Watu wakaja kukagua. Walichokikuta ni sakafu iliyofagiliwa, imepigwa deki, kuta zimepakwa chokaa, na kahawa imemwagwa mezani. Mashine zilikuwa zimekwenda. Msimamizi aliwaambia yeye ni mchambua kahawa tu, hajui vigae. Mimi nasema aliambiwa afukie na akatulisha. Kama hakujua kilichomo, alijua kwamba kuna sababu ya kufukia. Alifika ziwani kuniona na mtoto, ameleta kuku. Nilimpokea kuku. Sikumwamkia. Kwetu kutomwamkia mtu mzima ni tusi kubwa, na nilitaka alisikie njia nzima ya kurudi Mpepai.

Mwanangu sasa anasoma. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Mwalimu wake ananiambia kwamba ukimuuliza kitu anakutazama tu, unadhani hajasikia, unamwita mwingine, na huyo mwingine akishajibu na kukaa, ndipo yeye anatoa jibu lake. Mara nyingi ni jibu sahihi, lakini somo limeshapita. Hakuna anayeweza kuniambia angekuwaje. Mtu akikuibia mbuzi unajua umeibiwa mbuzi. Mimi nimeibiwa kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Injinia nilimwona tena mwaka huu, Mbamba Bay, mchana, boti zikiwa zimevutwa mchangani. Anauza vichwa vya kutazamia samaki, siku hizi vinakuja vimekwisha tengenezwa, anavifunga tu. Alikuwa ameinama chini ya boti, na boti ile ilikuwa na kimoja cha zamani, cha kwetu. Nilikitambua kwa gundi, maana ni mimi niliyekuwa nazungusha gundi kwa kidole pembeni. Mwenye boti alikuwa anakisifu, kwamba kinaona mpaka pembeni.

Nilisimama nimemshika mwanangu mkono mpaka Injinia alipoinuka. Akanijua. Macho yake yakashuka kwenye mkono wangu wa kulia, halafu kwa mtoto, halafu yakaenda ziwani.

"Mama, umepata binti mzuri," akasema.

"Unajua alichokula akiwa tumboni."

Akafuta mikono yake kwenye suruali. Akasema mambo yale yalikuwa na haraka, kwamba na yeye alikuwa na watu juu yake, kwamba alimwambia yule mama afukie. Nikamwambia, "Wembe ulikuwa mkononi mwako. Si mkononi mwa yule mama." Mwenye boti akaacha kusifu. Hakuelewa, lakini aliacha.

Injinia akachuchumaa mbele ya mwanangu, nadhani alitaka kuwa mbali na uso wangu. Akamuuliza, "Unaitwa nani, mrembo?"

Mwanangu akamtazama. Maji yalikuwa yanakuja mpaka kwenye vidole vyetu na kurudi. Injinia akangoja kidogo, kama watu wote wanavyongoja, akatabasamu, akasema ana aibu huyu. Nikamwambia hana aibu, angoje. Hakungoja. Akainuka, akaokota begi lake la vyuma, akatuaga wote kwa kichwa, akaondoka kwa kufuata mchanga, akipita kwenye boti moja hadi nyingine.

Alikuwa ameshafika mbali, karibu na zile nyavu zilizoanikwa, mwanangu alipofungua mdomo. Akataja jina lake. Akataja na la baba yake, na la babu yake, taratibu, kwa sauti safi, moja nyuma ya lingine, akiuangalia mgongo wa yule mtu. Nilibaki nimesimama naye pale mpaka akamaliza.